Yashica: Kamera ya Kijapani iliyohifadhi sura za watu wa Pwani

KABLA ya simu ya mkononi kugeuka kamera ya kila mtu, mkazi wa Mwakirunge aliyehitaji picha ya kitambulisho, ya harusi au ya mtoto aliyemaliza shule alikuwa na njia mbili tu. Angefunga safari hadi studio ya Kisauni au ya kisiwani Mombasa, au angemngoja mpiga picha wa kuzunguka apite mtaani. Mara nyingi kamera iliyoning'inia shingoni mwa mpiga picha huyo ilikuwa imeandikwa jina moja usoni: Yashica.

Kamera hiyo haikuwa na hadhi ya Leica ya Ujerumani, wala haikutajwa sana na waandishi wa magazeti makubwa kama Nikon. Sifa yake ilikuwa nyingine. Ilitengenezwa vizuri, ikauzwa kwa bei ambayo fundi wa kawaida angeweza kuikusanya, na ikavumilia kazi ya kila siku.

Kampuni iliyoibuni ilianza mwaka wa 1949, ikamezwa na kampuni nyingine mwaka wa 1983, na utengenezaji wa kamera zenye jina hilo ukasitishwa na mmiliki wake mpya mwaka wa 2005. Zilizobaki ni picha na negativi zake, ambazo katika nyumba nyingi za Pwani zimo ndani ya mikebe na mabahasha, na ambazo kila mwaka hupungua.

Vipuri vya saa

Historia ya Yashica inaanzia katika Mkoa wa Nagano, katikati ya Japani, kwenye eneo la Ziwa Suwa. Eneo hilo lilijulikana kwanza kwa viwanda vya hariri, kisha kwa mafundi wa saa na vyombo vingine vinavyohitaji vipimo vya uangalifu mkubwa.

Mnamo Desemba 1949, miaka minne baada ya Japani kushindwa katika Vita Vikuu vya Pili, kampuni ndogo iitwayo Yashima Seiki ilianzishwa huko kwa mtaji unaotajwa kuwa dola 566 za Marekani. Ilikuwa na wafanyakazi wanane, na kazi yao ya kwanza haikuhusu picha hata kidogo. Walitengeneza vipuri vya saa za umeme.

Wakati huo kamera za Kijapani zilikuwa zimeanza kupata heshima ugenini. Nippon Kogaku, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1917 na ambayo baadaye ilijulikana kama Nikon, ilipata sifa kubwa mwaka wa 1950 pale mpiga picha Mmarekani David Douglas Duncan alipotumia lenzi zake katika Vita vya Korea na wahariri wa New York wakastaajabia ukali wa picha zake. Canon nayo ilikuwa imetokana na maabara ndogo iliyofunguliwa Tokyo mwaka wa 1933. Soko lilikuwa wazi kwa yeyote aliyejua kukata chuma na kioo kwa usahihi.

Yashima ilihama kutoka vipuri vya saa hadi vipuri vya kamera, na kufikia mwaka wa 1953 ilikuwa imetengeneza kamera yake kamili ya kwanza, iliyouzwa kwa jina la Pigeonflex. Jina Yashica likaanza kuonekana kwenye kamera zake muda mfupi baadaye, na mwaka wa 1958 kampuni yenyewe ikalichukua jina hilo. Mwaka huohuo iliinunua Nicca, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza kamera za mfano wa Leica, na hivyo ikapata ujuzi wa kamera za filamu ya milimita 35.

Kamera ya lenzi mbili

Kilichoijenga Yashica ni kamera ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Muundo huo ulikuwa wa Kijerumani: Rolleiflex, iliyotolewa mwaka wa 1929, ndiyo iliyokuwa kipimo cha wote.

Utendakazi wake ni rahisi kueleza. Lenzi ya juu ni ya kutazamia. Mwanga unaopita humo hugonga kioo kilicholazwa mshazari na kupanda hadi kwenye kioo cha ukungu kilicho juu ya kamera, ambapo mpiga picha huiona sura ya mtu. Lenzi ya chini ndiyo ya kupigia. Ndani yake kuna shata, kilango kinachofunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde ili mwanga uifikie filamu.

Kwa sababu hiyo mpiga picha hakuiweka kamera jichoni. Aliishika kifuani au kiunoni, akainamisha kichwa na kuchungulia kutoka juu. Alichokiona kilikuwa kimegeuzwa, kushoto kukiwa kulia, hivi kwamba mwanafunzi wa kazi hiyo alihitaji siku kadhaa kabla ya kujua aelekeze kamera upande gani mteja anaposogea.

Kila picha ilikuwa mraba wa sentimita 6 kwa 6, na mkanda mmoja wa filamu aina ya 120 ulitoa picha 12 tu. Negativi ya ukubwa huo ina faida moja kubwa: hata ikisafishwa katika chumba cha giza cha kubahatisha, hutoa picha safi yenye nyuso zinazoonekana vyema.

Yashica ilitengeneza aina nyingi za kamera hizo. Yashica-A ilikuwa ya bei nafuu. Yashica 635 ya mwaka wa 1958 iliweza kupokea filamu ya 120 na pia, kwa kuongezewa vipuri, ile ya milimita 35. Yashica-Mat ya mwaka wa 1957 ilikuwa na mkono wa kuzungusha uliosogeza filamu na kutega shata kwa pamoja. Aina ya mwisho, Mat-124G, ilitolewa mwaka wa 1970 ikiwa na kipimamwanga ndani yake, na iliendelea kutengenezwa hadi mwaka wa 1986, wakati ambapo kampuni nyingi zilikuwa zimekwisha kuacha kamera za namna hiyo.

Vioo vya Tomioka

Kamera ni sanduku. Kinachochora picha ni lenzi. Lenzi nyingi za Yashica zilitoka kwa kampuni ya Tomioka, iliyokuwa ikikata vioo tangu mwaka wa 1924. Yashica iliitegemea kwa miaka mingi, na hatimaye mwaka wa 1968 ikaifanya kampuni yake tanzu.

Lenzi za bei ya chini ziliitwa Yashikor na zilikuwa na vioo vitatu. Zile bora ziliitwa Yashinon na zilikuwa na vioo vinne, zikifuata mpangilio wa lenzi ya Tessar ya Kijerumani. Tofauti ilionekana pembeni mwa picha. Yashikor ilitoa kingo laini iwapo tundu la mwanga lilifunguliwa sana, ilhali Yashinon ilishika ukali hadi pembeni. Kwa picha ya mtu mmoja aliyesimama katikati, mteja wa kawaida asingejua tofauti hiyo, na hii ni sababu mojawapo iliyofanya hata aina ya chini kabisa ifae kwa biashara.

Umeme waingia ndani ya kamera

Katikati ya miaka ya 1960 Yashica ilitoa kamera iliyolisambaza jina lake duniani kuliko nyingine yoyote. Electro 35 ilikuwa kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 yenye shata iliyoongozwa kwa umeme. Mtumiaji alichagua ukubwa wa tundu la mwanga, nayo kamera ikaamua yenyewe shata ikae wazi kwa muda gani. Taa ya manjano ilimwonya kwamba mwanga ni hafifu na kamera yafaa itulizwe mahali. Taa nyekundu ilimwambia kwamba mwanga umezidi.

Lenzi yake ya milimita 45 ilipitisha mwanga mwingi, hivyo mtu aliweza kupiga picha ndani ya nyumba bila taa ya flashi. Kamera za ukoo huo, ikiwemo GSN ya mwaka wa 1973, ziliuzwa kwa mamilioni.

Zilikuwa na udhaifu mmoja unaowasumbua wanaozitumia hadi leo. Betri yake ilikuwa ya zebaki, na betri za namna hiyo ziliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Anayetaka kuifufua Electro ya babu yake hulazimika kutafuta betri ya aina nyingine pamoja na kipande cha kuishikizia.

Ndoa na Wajerumani

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 mizani ilikuwa imegeuka. Wajapani, waliokuwa wakiiga kamera za Wajerumani, walikuwa wamewashinda sokoni. Zeiss Ikon, iliyotengeneza kamera mashuhuri za Contax tangu mwaka wa 1932, iliamua kujiondoa katika biashara hiyo.

Carl Zeiss ilitafuta mshirika wa Kijapani, na ikamchagua Yashica. Matokeo yake yalionyeshwa mwaka wa 1974 katika maonyesho ya Photokina mjini Cologne: kamera iitwayo Contax RTS, yenye umbo lililosanifiwa na ofisi ya F. A. Porsche, iliyotengenezwa Japani na kuvalishwa lenzi za Zeiss. Nyingi za lenzi hizo zilikuja kukatwa na mafundi wa Tomioka. Kampuni iliyoanza kwa kuiga Rolleiflex sasa ndiyo iliyobeba jina la Kijerumani.

Faida kwa mtu wa kawaida ilikuwa kwamba Yashica zenye lenzi za kubadilishwa zilitumia mdomo uleule wa Contax. Mwenye Yashica FX-3, iliyotolewa mwaka wa 1979, aliweza kufunga lenzi ya Zeiss kwenye kamera ya bei nafuu. FX-3 yenyewe ilitengenezwa na kampuni nyingine ya Kijapani, Cosina, kwa niaba ya Yashica. Shata yake iliendeshwa kwa springi. Betri ilihitajika kwa kipimamwanga tu. Betri ikiisha, kazi iliendelea.

Yashica yafika mtaani

Upigaji picha haukuletwa Pwani na Wajapani. Katika karne ya 19 studio ya A. C. Gomes ilikuwa ikipiga picha Unguja, na ujenzi wa reli ya Uganda ulioanzia Mombasa mwaka wa 1896 ulirekodiwa kwa picha na William D. Young. Baadaye zikaja studio zilizopendwa na familia: Capital Art ya Ranchhod Oza huko Unguja, iliyofunguliwa mwaka wa 1930, Parekh ya Mombasa ya miaka ya 1940, na Bakor ya Lamu.

Hizo zilikuwa studio zenye mapazia, taa na viti vya kukalia. Kamera nyepesi za bei nafuu ndizo zilizoitoa picha nje ya kuta hizo. Mpiga picha hakuhitaji tena chumba. Alihitaji kamera, baiskeli na kitabu cha risiti.

Mahitaji nayo yaliongezeka. Sheria ya usajili wa watu nchini Kenya ilibadilishwa mwaka wa 1978 ili wanawake nao waandikishwe na kupewa vitambulisho, na kitambulisho kilitaka picha. Shule, hospitali, vyama vya ushirika na waajiri nao walitaka picha ndogo za pasipoti. Kwa watu wengi wa bara la Kisauni na Likoni, picha ya kwanza maishani ilikuwa ya karatasi ya serikali.

Katika kivuko cha Likoni biashara hiyo ilizaa sanaa yake. Wapiga picha walisimamisha vibanda karibu na feri, wakavipamba kwa maua ya plastiki na mapazia yaliyochorwa meli na majumba, na abiria wakasimama mbele yake kupigwa picha za kupeleka nyumbani. Wengi wa wapiga picha na wateja wao walikuwa wametoka bara kutafuta kazi. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafanya watu wengi wa asili hiyo kukimbia, na biashara ya hapo ikapata pigo.

Katika miaka ya 1980 na 1990 kazi ya mtaani ilirahisishwa zaidi na kamera ndogo kama Yashica MF-2. Haikuwa na cha kurekebisha umbali. Ilikuwa na flashi ndani yake na ilitumia betri mbili za kawaida zinazopatikana dukani. Mtu aliweza kujifunza kuitumia kwa asubuhi moja.

Hata hivyo, subira ilikuwa sehemu ya malipo. Mkanda ulikuwa na picha 36, na mpiga picha hakuupeleka mjini kusafishwa kabla haujaisha. Mteja alitanguliza sehemu ya fedha, akangoja wiki moja au mbili, na pengine akaambiwa kwamba picha "zimeungua". Wapo waliokuwa na hakika kwamba wamemulikwa flashi ya kamera isiyo na filamu.

Kyocera na mwisho wa filamu

Gharama za maendeleo na usimamizi mbaya ziliidhoofisha Yashica katikati ya miaka ya 1970, na haikupata tena nguvu zake za awali. Mnamo Oktoba 1983 iliunganishwa na Kyocera, kampuni ya Kyoto iliyoanzishwa na Kazuo Inamori mwaka wa 1959 na iliyojulikana kwa bidhaa za kauri za viwandani.

Kyocera iliendeleza chapa zote mbili. Yashica T4 ya mwaka wa 1990 ilikuwa kamera ya mfukoni yenye lenzi ya Tessar, nayo Contax ikabaki ya matajiri. Mwaka wa 2002 Contax N Digital iliingia sokoni ikiwa miongoni mwa kamera za kwanza za dijitali zenye kihisi kinacholingana na ukubwa wa filamu ya milimita 35, lakini ilikuwa ghali na haikudumu.

Mwaka wa 2005 Kyocera ilitangaza kwamba inajiondoa katika utengenezaji wa kamera. Haikuwa peke yake. Konica Minolta ilifuata mwaka wa 2006, na Kodak ya Marekani ikaomba ulinzi wa mufilisi mwaka wa 2012. Dhoruba hiyo iliwafikia hata waliobaki: kamera za dijitali zilizosafirishwa sokoni na watengenezaji wa Kijapani zilifika takriban milioni 121 mwaka wa 2010, lakini mwaka wa 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Simu ilikuwa imechukua nafasi yake.

Jina Yashica liliuzwa mwaka wa 2008 kwa kampuni ya Hong Kong. Mwaka wa 2017 wenye jina walichangisha zaidi ya dola milioni 1 mtandaoni kwa ajili ya kamera ya dijitali iitwayo Y35, iliyofanana na Electro ya kale, lakini wengi waliochanga walilalamikia ubora wake. Kamera za sasa zenye jina hilo hazina uhusiano na kiwanda cha Suwa.

Negativi na jaa la taka

Kamera ikifa, negativi hubaki, na hapa ndipo hasara inapoendelea kutokea. Studio inapofungwa au mzee wa nyumba anapofariki, warithi hukuta mikebe ya mikanda isiyo na majina. Vyumba vinahitajika, na mikebe hutolewa nje pamoja na magazeti makuukuu. Tangu jaa la Kibarani lifungwe mwaka wa 2018, taka za Mombasa hupelekwa Mwakirunge. Mkebe ukishapakiwa kwenye lori la taka, huko ndiko uendako, na hakuna nakala nyingine ya sura zilizomo.

Hali ya hewa ya Pwani nayo haisaidii. Unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Plastiki ya filamu za zamani ikipata joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Rangi za picha za miaka ya 1980 hugeuka nyekundu au manjano.

Hata hivyo hatua za kuziokoa si za gharama kubwa. Negativi ishikwe kwa kingo, isiguswe usoni. Itolewe katika mifuko ya plastiki laini na kuwekwa kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na jiko na paa la mabati. Juu ya bahasha yaandikwe kwa penseli majina, mahali na mwaka, maadamu wangalipo wazee wa kuwatambua waliomo.

Inaweza pia kunakiliwa kwa simu. Huwekwa juu ya karatasi nyeupe nyembamba inayomulikwa kutoka chini, ikapigwa picha, kisha programu ya simu ikageuza weusi kuwa weupe. Nakala zihifadhiwe mahali pawili, na negativi yenyewe isitupwe.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Katika nyumba nyingi za Pwani, hasa za Waislamu, picha za akina mama na mabinti zilipigwa ili ziangaliwe na jamaa pekee. Kuziokoa hakumpi mtu idhini ya kuzisambaza mitandaoni. Aliyekabidhiwa masanduku ya studio iliyofungwa anapaswa kuwatafuta wenyewe au jamaa zao kabla ya kuonyesha chochote hadharani.

Unguja inatoa mfano kwamba kazi hiyo inawezekana. Picha za Capital Art zilitunzwa na Rohit Oza, mwana wa mwanzilishi, na zimekuwa kumbukumbu muhimu ya mji huo kabla na baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964. Negativi za wapiga picha wa Kisauni na Likoni hazikuwa na mrithi wa namna hiyo. Nyingi za zile zilizosalia zimo majumbani, mikononi mwa watoto na wajukuu wa wapiga picha na wa wateja wao.